Uso Uliozama

Fundi hakulia mkewe alipokufa, wala baadaye. Watu wakasema ana roho ngumu. Waache waseme, mdomo ni mali yao. Yeye aliamka, akanawa, akaenda karakana kutengeneza picha za kutokeza, zile zinazopigwa kupitia bamba lililojaa lenzi ndogondogo, kila lenzi na kipicha chake. Ukiviwashia taa vipicha vyote nyuma ya bamba hilohilo, mtu anakutokea mzimamzima, na ukisogea pembeni unamwona hadi sikio.

Ya mkewe ilikuwa mezani, ikiwaka kutwa. Alikula mbele yake.

Siku moja mama mkwe akaja. Mwanawe alizikwa yeye akiwa amelazwa kwa ajili ya jicho, nalo halikupona. Hakuwahi kumuaga. Alichotaka ni kumwona, basi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Yuko wapi?"

Mama mkwe akakaa mbele ya picha, akainamia kulia, akainamia kushoto, akaguna.

"Huyu siye."

"Ndiye, mama. Nilimpiga mwenyewe."

"Mbona kila niendako ananifuata? Mwanangu yule, na maringo yake, amfuate nani? Nikitaka sikio hili naletewa lile. Hebu tazama pua, imezama ndani!"

Fundi akatazama. Lahaula! Hakuvigeuza vile vipicha. Kila kimoja lazima kipinduliwe, juu kuwe chini na kulia kuwe kushoto, la sivyo cha mbele kinakwenda nyuma na uso unakuwa shimo. Kwa picha ya mteja angeliona kosa hilo akiwa bado mlangoni. Hili amekula nalo miezi.

Akavigeuza kimoja kimoja. Mama mkwe akasogea tena pembeni. Safari hii mwanawe hakumfuata, alibaki akitazama kulekule.

"Ndiye! Ringa, mwanangu, ringa!" Akacheka huku machozi yanamtoka. Kisha akainuka. "Kaa wewe sasa. Siku zote hizi hukuwa unamtazama."

"Sisikii kitu, mama. Nimekufa ganzi."

"Nimekuuliza unasikia nini? Kaa."

Akakaa. Pua ilikuwa nje, karibu kabisa, mkono ukamtoka wenyewe kwenda kuigusa. Vidole vikapita hewani vikagota kwenye bamba.

"Hayupo," akasema. "Mama, hayupo."

"Hayupo, baba," mama mkwe akamjibu, akamshika bega.