Mzimu wa Wodi ya Wazazi

Unga ulimpalia. Meneja mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpaka usoni, kwa kitambaa cha kupangusia glasi, huku akimgeuza kidevu kama mtu anayechagua nyanya.

"Fumba macho, Mama Ndimu. Na usipige chafya, utaniharibia."

Walimwita hivyo kwa sababu kazi yake pale baa ilikuwa kukata ndimu za kokteli, kutwa, mpaka ngozi ya vidole ikababuka. Leo ndimu kakabidhiwa mwingine. Yeye kavishwa gauni jeupe la wagonjwa, na anachotakiwa ni kupita polepole nje ya dirisha kubwa la kioo, wageni wakishakaa.

"Nipite tu?"

"Upite, usimame, uinamishe kichwa kama unatafuta kitu chini. Wao wataambiwa unatafuta mtoto." Meneja alirudi nyuma hatua moja kuutazama ule uso. "Watu wanapenda mzimu, mama. Ziara zote za kula na kunywa mjini sasa zinataka kuishia kwetu. Shukuru."

"Lakini mimi mwanangu…"

"Najua. Pole. Ndiyo maana nimekuchagua wewe. Hutahitaji kuigiza sana."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayempisha mwenzake kiti.

Jengo lile lilikuwa kituo cha afya. Watu wa mtaa waliambiwa linafungwa kwa matengenezo; wakaona rangi mpya ikipakwa, wakafurahi. Siku binti yake, kitindamimba, aliposhikwa na uchungu, walikuta geti lina kufuli na mlinzi wasiyemjua.

"Pameuzwa," mlinzi alisema.

"Na nani?" mama aliuliza, kana kwamba jibu lingefungua kufuli.

Binti aliketi chini, akaegemea ukuta wa jengo palepale kando ya geti, chini ya dirisha. Hakuinuka tena, yeye na aliyekuwa tumboni mwake. Matanga hayajaisha vizuri, mjumbe wa mtaa akaja na habari njema: mwekezaji ataajiri wenyeji. Mama akaenda kuomba kazi. Tumbo halina likizo ya msiba.

Wageni walifika jua likiwa bado juu ya mapaa, wameshashiba. Walianzia kwenye mgahawa wa samaki karibu na soko, wakapita kwa mzee wa supu, wakaonja kahawa kwenye ua wa watu, na kila mahali wamepiga picha. Dada aliyewaongoza alikuwa na mdomo mwepesi wa utani. Aliwaketisha juu ya vitanda vilevile vya wodi, siku hizi vina mito ya rangi rangi, na vinywaji vikaletwa ndani ya chupa za dripu.

"Ukijisikia vibaya, daktari ni yule pale kaunta," alisema, wakaangua kicheko. "Haya, sasa kimya. Wenyeji wanasema hapa kuna mama hajapumzika…"

Mama Ndimu akapita. Chini ya dirisha, pale binti yake alipoegemea, pamepandwa maua. Alisimama. Aliinamisha kichwa. Ndani mtu alipiga yowe, kisha akalicheka yowe lake mwenyewe. Simu zikainuliwa.

"Rudia! Mimi sikuipata!"

Akarudia.

Ndipo aliposikia mguno. Hakugeuka, sauti ile alikwisha kuizoea, humjia hata akiwa anakata ndimu. Ulipokuja wa pili, mrefu zaidi, alijua hautoki kichwani mwake.

Pikipiki ilikuwa imesimama getini. Nyuma ya dereva alikaa mwanamke mjamzito, kichwa kakilaza mgongoni kwake, kanga imelowa mpaka miguuni.

"Hapa ni baa," mlinzi alikuwa akisema.

"Bango linasema kituo cha afya!"

"Bango ni pambo, kaka. Wateja wanalipenda."

Mama Ndimu alishafika. "Mwingizeni ndani! Vitanda si vipo?"

"Vitanda vina watu." Meneja alikuwa ametoka. Aliongea chinichini, huku anatabasamu, maana upande wa pili wa kioo walikuwa wanatazamwa. "Mama, rudi dirishani."

"Huyu atakufa."

"Basi asifie hapa."

Nyuma ya kioo wageni walikuwa wamesimama juu ya vitanda wapate kuona vizuri. Dada wa ziara kageuka kuwatazama, mikono kaitandaza, anang'aa kwa fahari. "Si niliwaambia mtashangaa?"

Mama Ndimu alipandisha gauni hadi magotini, akakaa nyuma ya yule mwanamke, akamkumbatia kwa mikono yote miwili. "Hospitali kubwa," alimwambia dereva. "Twende, mwanangu, twende."

Dereva aligeuza pikipiki. Hakukuwa na pa kupita. Wakati wakibishana, basi dogo la wageni lilikuwa limegeuzwa tayari kwa kurudi, likaziba kichochoro chote, ukuta kwa ukuta. Dereva wake kalifunga, kaingia jikoni kula.

Honi ikapigwa.

Mwanamke alilegea, kichwa chake kikaanguka nyuma, begani kwa Mama Ndimu. Akafumbua macho. Akaona gauni jeupe. Akaona uso mweupe umemwinamia, umepasukapasuka kwa jasho. Mwili wake wote ukakakamaa.

"Usinichukue," alinong'ona.

"Nini, mwanangu?"

"Nakuomba, mama. Nina wengine nyumbani, wadogo. Usinichukue."

"Mimi ni mtu. Nitazame. Ni mtu kama wewe." Alijipangusa kwa mkono, lakini unga ulishachanganyika na jasho, ukazidi kushika.

Mwanamke alifumba macho, akaanza kusali kwa haraka haraka, akijaribu kujinasua kutoka kwenye mikono iliyomshika asianguke. Dereva wa pikipiki akapiga honi tena, mfululizo, bila kuachia.

Ndani wakaitikia kwa makofi.