Unyevu Asilimia Tisini na Tisa

Kila siku saa tisa alasiri Mwinshehe alipanda ngazi za chuma mpaka juu ya paa la zege la ofisi moja pale Dunda, akafuta vumbi kwenye mrija wa mashine, akaandika namba mbili daftarini: unyevu wa hewa, na hesabu ya radikali. Radikali ni vijichembe vinavyozaliwa hewani moshi unapokutana na jua. Havidumu hata dakika. Mashine ilivivuta na kuvihesabu kabla havijafa, na vikiwa vingi, hewa ni mbaya. Kazi yenyewe haina makuu. Inataka mtu mvumilivu, mwenye mwandiko unaosomeka.

Upande wa kusini palikuwa na tanuru la kuyeyusha matairi. Matairi yalitoka Chalinze kwa malori, na moshi wake ukaja Dunda bila kuitwa. Adila, binti wa Mwinshehe, miaka tisa, aliuvuta moshi huo mpaka kifua kikamshinda, akafariki mwezi wa Aprili, masika yamekolea. Wenye tanuru walileta mchele wa matanga, wakaketi mkekani, wakala.

Mtoto alirudi Juni. Mwinshehe alimkuta kando ya mdomo wa mrija, palepale alipozoea kukaa akimsubiri baba yake amalize kazi. Nywele zake zilikuwa katika misuko mitatu, zinachuruzika maji.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Mwinshehe akaandika: unyevu asilimia tisini na tisa. Radikali, sifuri.

Hizo nywele zina habari yake. Siku ya maziko mvua haikukatika, kaburi likawa linaingia maji, wanaume wako nje wanagonga mlango, fanyeni haraka. Bi Mwaija, mwosha maiti wa mtaa ule, akamsuka misuko mitatu kama inavyotakiwa, lakini akamvisha sanda kabla hajamkausha kichwa. Mtoto akazikwa nywele zimelowa chepechepe.

Mwinshehe alimwambia mkewe, Hajra, na kesho yake Hajra akapanda na mkeka. Ikawa wanakaa watatu kila alasiri, mpaka adhana ya magharibi, ndipo Adila anaondoka. Wiki tano. Hajra alikuwa na furaha iliyomuuma kuliko msiba wenyewe, na asingeibadilisha kwa kitu chochote.

Mwezi wa Julai akaja Mehzabin, fundi wa mashine kutoka Dar es Salaam. Akaitikia shikamoo ya mtoto, akafungua daftari, akatikisa kichwa.

"Kaka Mwinshehe, hivi vijichembe maji yanavila. Kuta za mrija zikiwa na unyevu, vinanasa humo na kufa kabla ya kuhesabiwa. Ninalo jedwali la kusahihisha, ila linaishia asilimia tisini. Zaidi ya hapo ofisi inachukua sifuri ilivyo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tangu Juni hewa yenu ni safi, kwenye karatasi. Nipatie siku saba zilizozidi kiwango, mfululizo, tanuru litafungwa. Mtoto akae mbali, au akaushwe."

Wakamkalisha pembe ya mbali ya paa. Asilimia tisini na saba.

Nyumbani Bilali, mdogo wake Adila, miaka mitatu, alikuwa ameshaanza kikohozi. Kilekile. Hajra alikisikiliza siku mbili, kisha akaenda kwa Bi Mwaija.

"Kazi yangu ilibaki nusu," alisema yule bibi. "Nitakuja tuimalize. Lakini mkono uwe wako, mama Adila."

Bi Mwaija alipanda zile ngazi huku ameshika magoti. Hajra alikuja na khanga mpya. Akapiga bismillahi, akafungua msuko wa kwanza.

"Mama, nikikauka nitakuja tena?"

"Sijui, mwanangu."

"Basi nikaushe polepole."

Akamkausha polepole. Kazi ya robo saa ilichukua mpaka adhana. Unyevu ukashuka: themanini na nane, sabini na tano, sitini na mbili. Mwinshehe aliandika kila namba, ndiyo kazi yake, ila mwandiko wa siku hiyo hausomeki vizuri.

Kesho yake Adila hakuja, wala keshokutwa. Radikali zikafika mara sita ya kiwango, siku saba mfululizo. Mehzabin alizipeleka namba hizo ofisini Dar es Salaam kwa mkono wake.

Jibu likaja Agosti, na muhuri. Siku hizo saba zimeondolewa, kwa kuwa hazifanani na wiki tano zilizotangulia. Yaelekea mashine ilikuwa na hitilafu. Kwa hesabu iliyobaki, hewa ya Dunda ni safi. Mehzabin aliwasomea barua hiyo kwa simu. Tanuru likajengewa dohani la pili la kutolea moshi.

Ile khanga Hajra aliianika kwenye kamba juu ya paa. Upepo wa kusi umevuma, jua limewaka wiki tatu, haijakauka. Inachuruzika tone mojamoja. Kila alasiri Hajra huishusha, akaipakata kando ya mrija, pale alipokaa Adila, na Mwinshehe akaandika asilimia tisini na tisa, sifuri. Bilali huletwa pia, kwa kuwa haachiki peke yake. Hulala mkekani na kukohoa.

Juzi Bi Mwaija alipanda kuwajulia hali. Akakaa, akamtazama Bilali.

"Mama Adila," akasema, "na huyu, siku yake ikifika, tutamkausha?"

Hajra alikamua ncha ya khanga, akaikunja upya mapajani.

"Bado sijaamua," akasema.