Ngoma Isiyobisha Hodi

Tatizo la ngoma za Azuka lilikuwa adabu.

Zilikuwa ngoma za okestra ya kompyuta, ile ambayo wanamuziki wa nchi za baridi walikalishwa kwenye ukumbi mkubwa wakarekodiwa noti moja moja, fidla mpaka tarumbeta, ili mtu wa Asaba, mji wetu wa filamu huku Nigeria, asiyemiliki hata filimbi aweze kuwapigisha wote kwa kinanda. Fidla zake zilikuwa safi, zinaliza watu. Ila yule bwana wa ngoma sijui aliambiwa nini siku ile. Hata ukibonyeza kinanda kwa nguvu zako zote, yeye alipiga kama mtu ambaye mama mkwe wake amelala chumba cha pili.

Na sisi tulitaka kuchoma kasri la mfalme.

Filamu ilikuwa ya Madam Isioma. Karibu na mwisho jeshi la mdogo wake mfalme linavunja lango na kasri linawaka moto. Muziki wote alipewa Azuka, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kabla ya hapo walikuwa wakimwita kwenye vipande vya mapenzi tu, aweke fidla, aende zake. Mimi Ogonna kazi yangu ni sauti nyingine zote: hatua, makofi, milango, kuku. Tunagawana chumba kimoja nyuma ya saluni ya Anti Uju, barabara ya Okpanam.

Asubuhi hiyo Madam alisimama mlangoni kwetu, mkoba kwapani, akasikiliza lango likivunjwa.

"Mwanangu," akamwambia Azuka, "hii ngoma inabisha hodi. Mimi nataka ivunje mlango. Ikifika saa tisa sijasikia kitu, naweka ile ya siku zote."

Ile ya siku zote Asaba nzima inaijua. Dum, dum, dududuum. Nani aliirekodi hakuna anayekumbuka, lakini imo kwenye kila filamu ya wafalme. Mfalme akinyweshwa sumu, ipo. Malkia akimfumania kijakazi, ipo. Watoto wanaiimba kabla haijalia. Na haikai na muziki wa mtu mwingine. Ikiingia pale langoni, fidla za Azuka zingeonekana kama wageni waliokosea harusi, na Madam angeziondoa zote, filamu nzima. Azuka alilijua hilo. Alikaa akiitazama kompyuta kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Halafu akafanya anachofanya kila mtu. Akaongeza sauti.

Akaongeza tena. Vioo vya dirisha vikaanza kutetemeka, kikombe changu kikatembea chenyewe mezani. Ukuta ukagongwa kutoka saluni.

"Azuka! Mteja wangu ana kichwa kimoja tu!"

"Samahani Anti, ni vita!"

"Vita yako ipeleke uwanjani!"

Azuka akatabasamu. Kwake ukuta kugongwa kulikuwa ushindi. Akaituma sehemu ile kwenye simu ya Madam, ambaye alikuwa hapo hapo saluni anasukwa, nasi tukamfuata.

Madam alikuwa na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama kimeona jini. Simu aliiegemeza kwenye makopo ya mafuta ya nywele. "Watazamaji wangu ndio hawa," akasema, akionyesha wanawake waliokaa kwenye foleni. "Wanaangalia kwa simu huku wanasukwa. Tuone."

Kasri likaungua. Hakuna aliyeinua uso. Mama mmoja chini ya mashine ya kukaushia nywele aliendelea kumenya karanga zake. Jeshi likavunja lango, na Anti Uju akageuka nyuma: "Karibu, ingia, hakujafungwa."

Saluni nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, sina budi kusema ukweli. Ule mngurumo wote uliotikisa vioo vyetu, kispika kidogo cha simu hakina kifua cha kuubeba. Kilichobaki ni mtu anapigapiga godoro.

Tulirudi chumbani. Azuka akaikalia kompyuta yake; mimi nilikuwa na la kusema.

"Pole, maestro. Labda tumwombe mfalme achomewe nyumba polepole."

"Ogo, kata sauti za kuku wako uniache."

Kwa hasira akanakili noti zote za ngoma azijaribu kwenye ngoma ndogo, akazibandika kwa makosa kwenye mstari wa ala nyingine. Zikaangukia kwenye fidla kubwa za besi, zile zinazopigwa mtu amesimama. Sasa, fidla hizo ndani ya kompyuta zina mambo yake. Vibonyezo vya chini kabisa havitoi sauti; vinabadilisha tu namna ya kupiga: kwa upinde, kwa kidole, au kwa kuvuta waya kikatili mpaka urudi na kuuchapa ubao. Noti za ngoma ni za chini. Moja ikaangukia hapo hapo, kwenye kile cha kuvuta waya, na iliyofuata ikalia hivyo.

PAA!

Nilivua vifaa vya masikioni vikaanguka sakafuni. "Umevunja nini?"

"Sijavunja. Nimekosea."

Tukatazamana.

"Kosea tena," nikamwambia.

Kuanzia hapo aliivamia ile okestra kama askari wa filamu yenyewe. Piano: vibonyezo vya chini kabisa, vyote kwa pamoja, kama umelalia kwa kiwiko. Tromboni: mkoromo mfupi, kata. Ngoma ndogo ya gwaride aliishusha chini mpaka ikawa na sauti ya koo lenye mafua. Kisha mwangwi wa ule ukumbi mzuri wa watu wa baridi akaunyofoa, akabakiza pale mwanzo tu, pale kitu kinapogonga kitu. Vyote akavipitisha kwenye programu inayoiga kipaza sauti kibovu, mpaka kingo za sauti zikaanza kuchanika. Ungeigusa kwa mkono ingekuchoma vibanzi.

"Na bwana adabu?" nikauliza.

"Tumemweka chini. Abebe mizigo."

Kisha akaondoa fidla zote kabla tu ya lango kuvunjwa, pumzi moja ya kimya.

"Ogo, zima moto wako hapo."

"Moto wangu?" Ule moto niliutengeneza kwa kukunjakunja mifuko ya mkate, na nilikuwa naupenda kuliko ndugu zangu wengine. "Kasri liungue kwa nini sasa, kwa mate?"

"Kidogo tu. Wakisikia kimya watashtuka zaidi."

Nikauzima. Nilinuna, lakini nikauzima.

Saa tisa saluni tulimkuta Anti Uju ameshika birika la maji ya moto, anataka kuchovya ncha za nywele za Madam.

"Anti, liweke chini kwanza," nikasema.

"Kwa nini?"

"Basi tu."

Akaliweka, akinibinulia midomo. Madam akabonyeza sehemu mpya tuliyoituma kwenye simu yake. Moto, fidla, mfalme na taji lake mkononi. Halafu kimya.

Halafu lango.

Anti Uju alishika kifua. Mmoja wa waliokuwa kwenye foleni aliita jina la Mungu. Yule mama wa karanga, ambaye chini ya mashine ile hata jina lake hasikii, aliifunua kichwani: "Nani kaanguka?"

Madam alinyoosha kidole kwenye simu. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Safari hii foleni nzima ilikuwa imeinama juu ya simu yake.

"Kwa hiyo mfalme anakufa?" mama wa karanga akauliza.

"Ukitaka kujua, ununue," Madam akajibu.

Akampigia mhariri wake pale pale. "Ile ngoma ya siku zote niliyokupa asubuhi, itoe. Ndiyo. Muziki wote ni wa Azuka, usiguse hata noti."

Azuka akaanza kupiga hatua za hapa na hapa, mikono haina pa kukaa. "Madam, unajua zile ni fidla, waya unavutwa halafu..."

"Nyamaza! Nikijua ni waya sitaogopa tena."

Basi akanieleza mimi, mtu niliyekuwepo. Tulinunua mahindi ya kuchoma na ube, tunda la zambarau linaloliwa na mahindi, kwa mama wa kona, tukala tumesimama, yeye akinionyesha kwa gunzi jinsi waya unavyouchapa ubao. Nilimwacha aseme. Ube ilikuwa imelainika vizuri, na kila alipofika kwenye PAA, mama wa mahindi alikuwa anaruka.