Malori Yaliyohamishwa

Watu hudhani ramani za kwenye simu zinashuka kutoka angani zikiwa tayari. Thubutu! Kinachotoka angani ni picha tu. Ramani yenyewe inachorwa na watu wenye njaa, wenye usingizi, na wenye mama zao. Jamaa yetu alikuwa mmoja wao. Ofisini walimwita Mchoranjia. Kazi yake ilikuwa kutazama picha za setilaiti, kuzifuata barabara kwa kipanya, kisha kuiandikia kila barabara tabia zake: ni ya lami au ya vumbi, ina upana gani, gari lipi lipite na lipi lisipite.

Tangu kampuni yao itoe ramani mpya ya malori, tabia hizo ziligeuka amri. Dereva akishaandika urefu na uzito wa gari lake, sauti ya mwanamke mpole inamwongoza kona kwa kona, naye anaitii kuliko anavyomtii mkewe. Na sauti hiyo ilikuwa imeamua kwamba njia ya mkato ya kwenda kwenye maghala ni mtaa anaokaa mama yake Mchoranjia.

Mama alilalamika mpaka koo likamkauka. "Vyombo vinacheza kabatini, mwanangu! Ukuta umeshaingia ufa. Na wewe unashinda huko kuwachorea watu barabara. Mama yako je?"

Mchoranjia alimwambia haiwezekani. Akamwambia tena. Lakini mama akishashika jambo, bora ubishane na mvua. Siku moja ofisini, chai ikiwa bado mezani, Mchoranjia akaufungua mtaa ule kwenye kompyuta na kuandika: mwembamba, malori hayapiti. Uongo mtupu. Mtaa wenyewe malori mawili yanapishana bila kugusana.

Kwa sheria ya ofisi, badiliko lolote hukaguliwa na mtu wa pili, akililinganisha na picha. Lakini wenyewe walikuwa na mtindo wao: nipitishie, nami nikupitishie. Mwenzake wa meza ya pili, waliyemwita Miwani, akabonyeza "sawa" huku akitafuna, hata macho hakuinua.

Malori yakaondoka kwa mama kama yamefagiwa. Ila lori halifutiki, lazima lipite mahali. Yakaingia uchochoro wa nyuma, ambao ndio mwembamba kweli, na ambao hakuna mtu ofisini aliyewahi kuuandikia chochote. Mchoranjia alikuwa amecheza kwenye uchochoro ule utotoni mwake mote. Kwenye kompyuta ulikuwa mstari tu, wala hakuutupia jicho.

Huko ndiko anakoishi shangazi yake, fundi cherehani, na kazi yake huifanyia barazani. Lori moja lilishindwa kona, likarudi nyuma, likaugonga ukuta wa baraza. Ukuta ukamwangukia mkono wa kulia.

Habari zilimfika Mchoranjia siku hiyohiyo. Kesho yake asubuhi aliufungua tena mtaa wa mama kwa malori, akaufunga uchochoro, Miwani akampitishia vilevile bila kutazama. Basi, ofisini hakuna aliyejua. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na mkono wa shangazi ulikuwa umeshavunjika. Jioni, yeye na mama yake wakaenda kumjulia hali. Mama akapitiliza jikoni kumpikia wifi yake uji, na Mchoranjia akabaki chumbani na mgonjwa.

"Pole sana, shangazi."

"Nimeshapoa, mwanangu. Ila daktari anasema mkono hautakunjika tena kama zamani. Itabidi nijifunze kushona kwa meno." Akacheka peke yake.

Mchoranjia hakuweza kucheka. Mkono ule ulimshonea kaptula zote za shule, hata suruali aliyokwenda nayo kwenye usaili wa kazi hiyohiyo. Aibu ilimbana mpaka akashindwa kuutazama.

"Hebu niambie wewe unayeyajua mambo hayo," shangazi akasema. "Malori yalikuwa hayapiti huku. Nani kayaleta?"

Neno lilimfika ulimini kabisa: ni mimi. Kisha akamwona bosi wake, akaiona barua ya kufukuzwa, akauona uso wa shangazi ukibadilika. Akalimeza.

"Ni mitambo, shangazi. Kompyuta inajiamulia. Hata sisi hatujui."

"Inajiamulia yenyewe?"

"Yenyewe, shangazi."

Shangazi akauweka vizuri mkono wake juu ya mto.

"Mama yako alipita hapa, malori yalipoondoka kwake. Furaha hadi nje! Nyumba hadi nyumba anatangaza: mwanangu kayafukuza malori kwa kidole kimoja. Nami nikampigia vigelegele. Sikujua yamefukuziwa wapi."

Mchoranjia akakosa pa kuuweka uso.

"Kule hospitali nilijiambia, mtoto wa kaka yangu atakuja, atasema shangazi nimekosa, nami nitamwambia yameisha. Nilikuwa nalo tayari neno hilo. Nimekungoja nalo."

"Shangazi, ni mimi. Nisamehe. Niliogopa..."

"Sasa unasema kwa sababu najua." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Mama akaingia na bakuli la uji, mvuke unatoka. "Haya! Mnaongea nini nyie wawili?"

"Ananieleza habari za mitambo, wifi," shangazi akasema. "Kanieleza vizuri sana."

"Si nilikwambia? Huyu kichwa chake kinachemka!" Mama akakaa kitandani, akachota uji na kuupuliza.

"Nipe mimi, mama. Nimlishe mimi," Mchoranjia akasema. Akapokea kijiko, akakisogeza taratibu.

Shangazi akaufumba mdomo, akatazama ukutani. Hakuufumbua mpaka kijiko kiliporudi mkononi mwa wifi yake.