Aliyejibu Barua Isiyo Yake

Fundi makochi na mkewe walipohamia vile vyumba viwili vya ghorofani, barua ya kwanza iliwatangulia. Waliikuta sakafuni, imesukumwa chini ya mlango, ina jina la mwanamke wasiyemjua.

"Huyo ni muuguzi aliyekuwa humo kabla yenu," mama mwenye nyumba aliwaambia. "Kahamia nyuma ya hospitali, nyumba ya geti jeusi. Mtu mzuri, ila kimya kama maji mtungini."

Barua ziliendelea kuja, moja kila baada ya wiki mbili hivi, mwandiko ule ule mnene ulioinamia mbele kama mtu anayepanda kilima. Mke wa fundi alikuwa karani wa shule, mtu wa mafaili na mihuri, na kwake jambo lile halikuwa na mjadala.

"Andika 'hayupo hapa', rudisha posta. Basi."

"Mtu anaandika wee, hajibiwi," fundi alisema. "Humwonei huruma?"

"Pilipili usiyoila yakuwashiani, bwana?"

Lakini ilimwasha. Fundi alikuwa na ndugu yake aliyeondoka nyumbani kutafuta kazi, na kwa miaka kumi na mmoja hawakupata hata salamu. Walipopata habari zake, kaburi lilikuwa limeshaota majani. Kila alipoiweka bahasha mpya juu ya kabati badala ya kuirudisha posta, alimfikiria mama yake, jinsi alivyokuwa akishtuka kila mlango ukigongwa.

Jumapili moja mkewe alikwenda kumtazama dada yake. Fundi akageuza bahasha ya juu, akaona nyuma anuani ya mtumaji, na jina la ukoo lililo sawa na la muuguzi. Hakuifungua, hilo asingelifanya. Alichukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: "Ndugu, unayemwandikia amehama. Yuko nyuma ya hospitali, nyumba ya geti jeusi. Usipoteze barua zako bure." Kesho yake akaipeleka posta pamoja na mzigo wote wa barua. Mkewe alipouliza barua zimekwenda wapi, alijibu, "Nimezirudisha zilikotoka," na huo haukuwa uongo.

Barua zikakoma. Fundi akatembea wiki tatu na moyo mweupe, tenda wema nenda zako.

Asubuhi moja alikuwa karakanani, amepiga magoti mbele ya kochi, misumari midogo imejaa mdomoni, akivuta kitambaa. Mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi akasimama mlangoni.

"Wewe ndiye unayekaa ghorofani kwa mama yule?"

Fundi akaitema misumari kiganjani. "Ndiye mimi, dada. Karibu."

"Sikai." Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Fundi aliutambua mwandiko wake kabla haijakunjuliwa. "Kaka yangu aliniachia hii getini. Alikuja na mwanamume niliyemkimbia. Mume wangu. Wamekaa hapo siku mbili, wananiita majirani wakisikia. Sasa nalala chumba cha wauguzi, kwenye kiti."

"Dada, mimi nilidhani..."

"Najua ulidhani. Miaka minne kaka ananiandikia nirudi kwa yule mtu, kila akipajua ninapokaa nahama, miaka minne sijibu. Kutojibu ndiko kulikokuwa jibu langu, fundi. Wewe ukanijibia."

Fundi alitaka kumweleza habari za ndugu yake, za mama na mlango, lakini aliona kwamba huo ulikuwa msiba wake mwenyewe, aliokwenda kumvisha mtu mwingine bila kumpima. Akabaki na misumari kiganjani.

"Nisamehe," alisema mwishowe.

"Nitaona," muuguzi alijibu, akaondoka kuwahi zamu.

Jioni fundi alimweleza mkewe yote, pamoja na lile jibu la ujanja. Alitegemea kelele. Mkewe alisema tu, "Anuani ya mtu si mali yako uigawe." Baadaye kidogo akaongeza, "Kesho nitamfuata hospitali. Wewe usije."

Kaka na yule mume walikuwa wamerudi kwao, wakiahidi kuja tena mwisho wa mwezi, kwa hiyo wanawake wale wawili walikubaliana hivi. Jumamosi vitu vya muuguzi vitoke. Fundi atabeba kwa mkokoteni wake hadi njia panda tu. Kuanzia hapo muuguzi mwenzake ana gari.

"Na huko anakohamia ni wapi?" fundi aliuliza.

Mkewe alimtazama tu.

"Haya," akasema. "Afadhali nisijue."

Jumamosi alibeba kitanda, godoro, masanduku mawili ya vyombo na kochi moja la watu wawili. Alisukuma, muuguzi akitembea kando, mkono wake juu ya godoro lisidondoke. Njia panda yule muuguzi mwenzake alikuwa akingoja kwenye usukani, wakapakia. Kochi lilipoinuliwa lilitoa mlio.

"Hilo linalia tangu nilinunue," muuguzi alisema. "Ukikalia upande huu, springi inakuchoma."

Fundi alifungua mdomo aseme atapita siku moja alitazame, akaufunga. Hakukuwa na mahali pa kupita.

"Lishusheni," akawaambia.

"Fundi, tutachelewa," dereva alilalamika.

"Lishusheni. Dakika ishirini."

Akalilaza kifudifudi kando ya barabara, akatoa nyundo na koleo kwenye mkokoteni, akabandua kitambaa cha chini. Springi mbili zilikuwa zimeachia. Akazifunga upya kwa kamba ya katani, mafundo matatu kila moja, akapigilia kitambaa mahali pake. Muuguzi akaja akachuchumaa kando yake, akamshikia misumari kiganjani, akimpa mmoja mmoja.

"Kaa ulijaribu," fundi alisema walipoligeuza.

Muuguzi akaketi pale pale, magari yakipita. Akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia.

"Limenyamaza," akasema.