Wageni Waliokuja Kutazama Mvua

Nilikuwa na vyumba vitatu vya kulala wageni nyuma ya soko la Kakamega, na juu ya mlango kibao kilichosema MAPUMZIKO. Kwa miaka sita hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuja kwangu kupumzika. Walikuja watu wa kesi. Walikuja watu wa matanga waliopitwa na basi. Walikuja makarani waliopandishwa cheo, ambao nyumba zao mpya za serikali bado zilikuwa na Mzungu ndani anayefunga masanduku polepole. Na walikuja wanaume kadhaa waheshimiwa, wengine wazee wa kanisa, walioleta binamu zao kwa saa mbili za mchana. Sikuuliza. Mjane mwenye vyumba vitatu haulizi kuhusu binamu.

Basi Agosti ya mwaka 1964, Uhuru ukiwa haujatimiza hata mwaka, akasimama mlangoni mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe na kofia ya kutarizi, na nyuma yake mkewe ndani ya buibui. Mzee aliitwa Shekuwe. Alikuwa karani wa mahakama huko Lamu mpaka alipostaafu. Mkewe alikuwa Bi Mwanakombo, mwanamke mfupi mwenye macho yasiyotulia, na tangu dakika ya kwanza nilijua ni nani aliyepanga safari ile.

"Karibuni," nikasema. "Mmekuja kwa nani?"

"Hatukuja kwa mtu," akajibu mzee.

"Kuna kesi?"

"Hakuna."

"Mgonjwa?"

"Sote wazima, alhamdulillahi."

"Basi mmefiwa. Poleni sana."

"Bibi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekula mshahara wa kuandika uongo wa watu wengine, "tumekuja kupumzika. Tutakaa siku kumi na mbili."

Nikainua macho nikakitazama kibao changu mwenyewe, kama mtu aliyeshikwa akidanganya.

Nilikuwa na jogoo mmoja mnene, na kwetu mgeni asipokula ingokho hajafika. Mzee akasema vizuri, ila lazima kuku achinjwe na Mwislamu. Mwenye bucha alikuwa amekwenda arusi Mumias. Ikabidi Bwana Shekuwe achinje mwenyewe. Katika maisha yake yote hakuwa ameshika kisu isipokuwa kuchonga penseli. Akakunja mikono ya kanzu, akasoma bismillahi, akafumba macho, na alipoyafumbua jogoo alikuwa upande wa pili wa uwanja.

Tukamfukuza. Jogoo akapiga kona, akausukuma mlango wa chumba namba mbili, akaingia. Mzee naye akaingia, kisu mkononi.

Ukasikika ukelele. Akatoka mbio Erastus Mukhwana, amejifunga shuka langu kiunoni. Huyu Erastus alikuwa liguru wetu, yaani mzee wa kijiji anayempelekea chifu habari zote, na kanisani ndiye aliyekuwa akisoma matangazo. Binamu yake akatokea dirishani. Erastus alisimama katikati ya uwanja, akamtazama mtu wa kanzu mwenye kisu, akanitazama mimi, kisha akasema kwa heshima zote, "Mama Mideva, nilikuwa nakagua paa."

"Linavuja?" nikamuuliza.

"Kidogo," akasema, akaenda kutafuta suruali yake.

Jogoo alichinjwa hatimaye. Bi Mwanakombo akala firigisi, ambayo kwetu huliwa na mwanamume mwenye nyumba peke yake. Kwa siku ile vituko vilikuwa vimetosha.

Kesho yake, saa tisa alasiri, mvua ikaja kama inavyokujanga. Wingu lilitoka upande wa msituni, upepo ukapiga mabati, soko lote likakimbilia varandani. Mimi nikaanua nguo. Wakati mimi naingia, Bi Mwanakombo alikuwa anatoka. Akasimama uwanjani, uso juu, mdomo wazi. Buibui lilimganda mwilini. Mvua ya mawe ikaanza, ikampiga kichwani, naye akacheka, akaokota jiwe moja la barafu akalitia mdomoni.

"Mzee," nikamwambia mumewe, "mama anaugua?"

"La," akasema Bwana Shekuwe, ambaye alikuwa amekaa mahali pakavu. "Hiki ndicho alichokifuata."

Alipoingia nilimpa kanga kavu na chai. Meno yalikuwa yakigongana, lakini alitaka kuzungumza.

"Inanyesha hivi kila siku?"

"Kila siku, saa tisa. Labda saa tisa na nusu, ikichelewa."

"Na nyinyi hamtoki nje?"

"Twende wapi?"

Akanieleza. Kisima cha kwao kina chumvi, maji matamu yanabebwa kutoka mbali. Mvua huko inakuja kama mkwe, kwa msimu, na ikija kila mtu anaweka vyombo vyote alivyo navyo. Halafu akanieleza kuhusu Wazungu wanaokuja kwao kutazama bahari. "Wanalala mchangani tangu asubuhi mpaka jioni, wanaiva kama kamba wa baharini. Nimewatazama miaka mingi. Hakuna aliyefiwa, hakuna mwenye kesi. Siku moja nikamwambia bwana, hata mimi kuna kitu ninachotaka kukitazama. Akaniuliza, kitu gani? Nikamwambia, nchi inayonyesha."

"Yeye alitaka kwenda wapi?"

"Alitaka kukaa nyumbani. Nikamwambia nitakwenda peke yangu. Ndipo akafunga mzigo."

Siku ya tatu nilimwona ameinama katika shamba langu la maharagwe, nyuma ya jikoni, akichota udongo kwa kijiko na kuutia katika kopo. Sikujali. Mtu aliyekula barafu anaweza kuchota udongo. Lakini wakati uleule Erastus alikuwa kwenye ua. Alikuwa amekuja kuniomba nisizungumze sana kuhusu paa. Alimtazama mama yule, akasahau ombi lake, akaondoka kwa hatua ndefu.

Kufikia jioni mji mzima ulijua. Wale hawakuja kupumzika. Ni nani anayetumia siku nne njiani kuja kupumzika Kakamega? Walikuja kutafuta dhahabu. Watu wa umri wetu tulikumbuka miaka ya thelathini, Wazungu walipofika na mahema yao wakachimba kila mahali. Erastus mwenyewe ujanani aliwabebea karai za mawe, na sasa alikuwa akieleza sokoni, "Walianzanga hivyohivyo! Kopo moja ya udongo. Kesho yake ukiamka, shamba si rako tena."

Nilicheka. Nilicheka Alhamisi yote. Niliwaambia wanawake wa soko kwamba Erastus ana akili ya kuku, na kwamba hata kuku angekataa kulinganishwa.

Ijumaa wageni wangu walipanda basi la Shinyalu kwenda kuona msitu. Nilibaki peke yangu. Nikachukua jembe ili nipalilie maharagwe kidogo. Nilipofika pale alipochota yule mama, nikaona hakuna ubaya kuingiza jembe chini zaidi. Udongo wa juu ni udongo tu, kila mtu anajua hivyo. Nikachimba mpaka gotini. Nikaona kitu kinang'aa, kumbe kipande cha chupa. Lakini chupa ile ilinitia moyo, sijui kwa nini. Maharagwe yalikuwa yamechanua. Niliyang'oa nikayatupa kando kama magugu. Nilikuwa nimefika kiunoni, nikihesabu mabati mapya nitakayonunua, niliposikia kikohozi.

Erastus alikuwa amesimama juu yangu pamoja na askari wa chifu.

"Toka ndani ya shimo," akasema. "Dhahabu ni mali ya serikali."

"Dhahabu gani? Ninapalilia."

"Unapalilia ukiwa umefika kiunoni?"

"Haya ni magugu yenye mizizi mirefu."

Askari, kijana wa Kabras aliyekuwa na buti kubwa kuliko miguu yake, aliniuliza kama anaweza kunisaidia kutoka. Nikakataa. Nilikuwa bado nakataa wakati wageni wangu waliporudi. Bi Mwanakombo alikuwa na jani kubwa mkononi na matope mpaka magotini. Alitazama shimo, akanitazama mimi ndani yake, akabadilika uso.

"Inna lillahi," akasema. "Mnamzika nani?"

"Hakuna," nikasema. "Ninachimba choo."

"Katikati ya maharagwe?"

Erastus ndiye aliyejibu. Akavuta pumzi, akaanza kusema kile Kiswahili chake cha mbele ya chifu, na Bwana Shekuwe akamsikiliza kama mtu anayetafuna wali wenye changarawe. Erastus akadai kopo. Bi Mwanakombo akaenda chumbani, akarudi nalo, akamkabidhi askari. Tukaingia varandani. Askari akatandaza gazeti mezani, akamwaga.

Ulikuwa udongo. Mwekundu, mwepesi, na ndani yake nyungunyungu mmoja aliyenyanyua kichwa, akageuka, akaanza kuelekea ukingo wa meza.

Erastus akauvuruga udongo kwa kidole. Akaunusa. Nilidhani atauonja.

"Wa kazi gani huu?" akauliza.

"Wa kumwonyesha dada yangu," akasema Bi Mwanakombo. "Kwetu chini ni mchanga mweupe. Nikimwambia nimeona nchi nyekundu namna hii, atasema nimekwenda Mombasa tu nikakaa kwa watu."

"Umesafiri siku nne kuja kutazama udongo?"

"Na mvua."

"Hakuna mtu anasafiringa kutazama udongo na mvua!"

"Kwetu wanakuja watu kutoka Ulaya kutazama mchanga na maji," akasema Bi Mwanakombo, "na hakuna anayewaletea askari."

Yule askari akaanza kutazama buti zake, mabega yanatikisika. Erastus akasema hata hivyo lazima atoe ripoti, maana yeye ni jicho la serikali. Hapo ndipo Bwana Shekuwe, ambaye siku tano nzima hakuwa amesema mengi, akatoa miwani yake, akaifuta kwa upindo wa kanzu, akaivaa.

"Vizuri," akasema. "Mimi nimeandika ripoti miaka thelathini na miwili, nitakusaidia ili isipungue kitu. Tuanzie mwanzo. Tulionana mara ya kwanza siku ya Jumatatu, saa nane mchana, chumba namba mbili. Ulikuwa umevaa shuka. Hilo shuka nalo lilikuwa la serikali?"

Askari alicheka mpaka akalazimika kukaa chini. Erastus alikusanya heshima yake, ambayo haikuwa nyingi, akaondoka bila kofia. Nilimpelekea kofia Jumapili, kanisani, mbele ya mkewe. Nilimwambia tu aliisahau alipokuja kukagua shimo.

Walipoondoka wote, nilibaki varandani na Bi Mwanakombo. Nilisubiri aniulize. Kwanza alimtafuta nyungunyungu chini ya meza, akamrudisha shambani, kisha akasema, "Mwanangu, ulidhani mimi ni mwizi, au ulidhani mimi ni tajiri?"

"Nilidhani nyote mna kitu mnachojua," nikasema. "Nilifikiri hakuna mtu anaweza kuja hapa hivihivi tu. Hapa kuna nini?"

Nilikuwa na haya hata kumtazama. Si kwa sababu ya shimo tu. Nilizaliwa maili chache kutoka pale, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia, bila kutaka kuniuzia kitu, kwamba kwetu kunatazamika.

"Kesho tunarudi msituni," akasema. "Twende sote."

Nilikuwa nimeingia msitu ule mara mia kutafuta kuni na dawa ya tumbo. Sikuwa nimeingia mikono mitupu hata siku moja. Tulikaa juu ya gogo. Mwanzoni nilichoshwa na kukaa. Nilihesabu kuni zote nilizoziona, nikapanga mizigo kichwani. Halafu zikaisha kuni za kuhesabu. Mbega watatu walikuwa juu yetu, na mikia yao mirefu myeupe, wakitafuna na kututazama kama wenye nyumba wasiopenda wageni. Bwana Shekuwe alilala kwa kukaa, akakoroma. Mwanga uliingia kati ya majani. Sijui tulikaa muda gani, maana kilichotutoa pale ni siafu, waliopanda ndani ya kanzu ya mzee mpaka mahali ambapo hata karani wa mahakama hawezi kupaandika. Yule mtu mpole alivua kanzu yote mbele ya mbega. Bi Mwanakombo hakumsaidia. Alikuwa ameshika mti, akilia kwa kicheko.

Walimaliza siku zao kumi na mbili. Waliondoka asubuhi ya Jumamosi, na Bi Mwanakombo alikasirika kidogo kwamba basi haliwezi kungoja mpaka saa tisa.

Wiki iliyofuata nilifanya jambo ambalo bado linasimuliwa sokoni. Siku ya Jumatano nilifunga vyumba vyote vitatu. Nikavaa gauni langu la kanisani, nikatoa kiti, nikakaa varandani bila kufanya lolote.

Kabla ya saa nne alikuja Priscah, anayeuza mboga jirani yangu, amefunga leso kichwani.

"Nani amekufa?" akanong'ona.

"Hakuna."

"Usinifiche, Beldina. Umefunga."

"Ninapumzika."

Akanishika mkono, machozi yakamlengalenga, akaenda. Kufikia saa sita walikuwa wamefika wanawake saba. Mmoja alileta sukari, mwingine unga, mwingine mzigo wa kuni. Waliketi pembeni yangu kimya kimya, wakitikisa vichwa. Kila nilipoeleza walisema ndiyo, ndiyo, huzuni hukujanga hivyo. Kisha Erastus Mukhwana mwenyewe akatokea na viti vinne vya kanisa kichwani, kwa sababu hiyo ni kazi ya liguru panapokuwa na msiba, na kwa kazi yake sina la kumlaumu. Akavipanga vizuri. Akaniuliza maiti itafika lini.

"Kaa chini, Erastus," nikamwambia.

Akakaa. Priscah akabandika sufuria, maana sukari ilikuwepo na kuni zilikuwepo. Tukanywa chai, watu tisa, katikati ya wiki, mchana kweupe. Baada ya muda mmoja wao akaanza kueleza habari za mkwe wake, na mwingine akacheka, akajiziba mdomo, kisha akautoa mkono. Wingu likatoka upande wa msituni. Hakuna aliyeinuka kwenda kuanua nguo.