Kiko Kisichokwanguliwa

Kila siku baada ya kuswali alasiri, Zein Salem alitandaza gazeti juu ya meza yake ya ghorofani, Mji wa Kale, akachanganya tumbaku. Mafungu matatu ya jani la manjano, fungu moja la jani jeusi lililokaushwa kwa moshi wa kuni, na chembe za tumbaku kali ya Songea za kuutia mchanganyiko adabu. Mwisho alinyunyiza tone moja la marashi ya waridi. Mawili, alisema, ni kuitukana tumbaku.

Ukutani mlikuwa na viko arubaini na kimoja, kila kimoja na msumari wake. Alivikusanya kwa miaka thelathini: vya mpingo, vya mizizi ya miti ya Ulaya, kimoja cha gunzi la mahindi alichoachiwa na baharia pale Kilindini. Vingi vilikuwa vya watu waliokwisha kufa. Kila alipopata kipya alikikwangua kwa kisu kidogo mpaka ukatoka ukoko wote, ule mweusi ambao tumbaku huuacha ndani ya kiko kama wali unavyouacha chini ya sufuria. Ukoko wa mtu mwingine huharibu ladha, na katika mambo ya tumbaku Zein alikuwa mkweli kupita kiasi.

Jumatano moja ya mwezi wa Juni dada yake, Mahfudha, alipanda ngazi kutoka nyumba ya chini na kitu alichokifunga ndani ya leso. Mahfudha alikuwa mjane. Alikaa pale chini miaka kumi na tisa, akishona kofia za vito, zile za kudariziwa vitundu vidogo vidogo kwa sindano, karibu na dirisha la uani, kwa kuwa kazi ile yataka mwanga wa jua. Sasa alikuwa amebakiwa na siku tano. Zein alikuwa ameiuza nyumba ya chini kwa Yazid, muuza mazulia, na Mahfudha alikuwa amepata chumba Majengo, kisicho na dirisha.

"Kaka, hiki ni kiko cha baba," alisema. "Nalikieka tangu siku ya hitima. Huko nendako hakuna pa kukieka. Twaa."

"Shukran, dadangu. Mwenyezi Mungu akulipe kheri."

Alikipokea kwa mikono miwili. Hakukikwangua. Si adabu kutia kisu katika kitu cha mzazi, na isitoshe ulikuwa ukoko wa miaka arubaini, mnene sawasawa pande zote. Alikijaza, akashindilia kwa kidole gumba, akawasha.

Moshi haukupanda. Ulimwagika ukingoni mwa kiko, ukavuka meza, ukashuka ngazi moja moja mpaka mlangoni pa Mahfudha, ukatua kizingitini. Hapo ukakohoa. Kisha ikatoka sauti ya marehemu baba yao.

"Zein, hati nimeiandikisha jina lako kwa kuwa wewe wazijua ofisi. Lakini nyumba ya chini ni ya Mahfudha. Asije akatolewa na mtu. Wanisikia?"

"Nakusikia, baba," ikajibu sauti ya pili, nayo ilikuwa ya Zein mwenyewe, changa kidogo.

"Niahidi."

"Nakuahidi, baba."

Moshi ukanyamaza. Zein, kiko kikiwa bado mdomoni, aliona kwamba marashi yamezidi.

Mahfudha hakusikia neno geni. Baba alimwambia maneno hayo hayo miaka kumi na mmoja iliyopita. Lakini wazee wa ukoo walipokaa baada ya mazishi na kumuuliza Zein, Zein alisema hakusikia kitu, na neno la Mahfudha likabaki peke yake. Sasa alivaa buibui, akaenda kumwita ami yao.

Ami Amin, mwenye miaka themanini na miwili, ndiye aliyeongoza kikao kile cha zamani. Alikuja Alhamisi. Mahfudha akambusu mkono, akamwekea kiti chini ya ngazi. Yazid naye aliitwa, maana jambo lilimhusu. Kahawa ikaletwa, na halua. Zein alitakiwa awashe kiko na hakukataa. Alitaka kujaribu kupunguza marashi. Moshi ukashuka, ukakohoa, ukasema yale yale.

"Ni yeye," alisema ami Amin. "Hata kikohozi ni chake. Allah amrehemu."

"Basi, ami?" aliuliza Mahfudha.

Mzee alikizungusha kikombe chake. "Basi, mwanangu, moshi hauapi. Tukiupokea huu, kesho kila mtu ataniletea chetezo chake."

"Zein yupo. Muulize yeye."

Ami akamuuliza. Zein alikitoa kiko mdomoni, akakitazama.

"Sauti yafanana na yangu," alisema. "Lakini mimi sikumbuki."

"Mzee alikuwa na sauti nzuri, mashallah," alisema Yazid. "Funguo nitazipata Jumatatu?"

Wahenga walisema penye ukweli uongo hujitenga. Siku hiyo haukujitenga. Ulisogea kidogo tu, ukaupa ukweli nafasi ya kukaa. Waliona haya wote, hilo ni kweli, lakini halua iliisha.

Jumatatu mkokoteni ulichukua godoro, jiko la makaa na sanduku la nyuzi. Moshi wa Alhamisi ulikuwa bado umeketi kizingitini, na wapagazi waliuomba radhi walipopita.

Kiko cha baba sasa kina msumari wa arubaini na mbili. Zein amegundua kwamba tumbaku ya Songea ikipunguzwa kikohozi huwa laini, na marashi yakiachwa kabisa, neno "Niahidi" husikika mpaka kwa jirani. Wapenzi wa viko huja kutoka Kizingo kusikiliza, wakakisifu. Yazid ameyasogeza mazulia meupe mbali na mlango. Kule Majengo, kofia iliyokuwa ikimchukua Mahfudha miezi miwili sasa inamchukua mitano, na wanunuzi wanasema mishono imekwenda upande.

Kila Ijumaa hutoka Majengo kwa miguu, akaketi ngazi ya chini kabisa, katikati ya mazulia. Zein huwasha. Baba humpa nyumba, kaka huahidi, na Mahfudha huitikia, "Ahsante, baba," kisha hujifunga buibui lake.

"Ijumaa ijayo usichelewe, dadangu," Zein humwambia kutoka juu, kwa upole. "Kiko kikipoa, baba hasemi vizuri."

"Sitachelewa, kaka."